Uduvi wa Gorogoro

Mama yangu aliinama mbele ya akwariamu hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo, akatazama kwa muda, kisha akauliza: "Kwani hii si ochong'a?"

Ndani mlikuwa na uduvi sita, kila mmoja mdogo kuliko kifundo cha kidole changu, wekundu na weupe kama peremende. Nilikuwa nimewanunua kwa shilingi 1,500 kila mmoja kutoka kwa jamaa wa Nairobi anayewazalisha kwenye bedsitter yake. Niliwaleta kwa matatu ndani ya kopo lenye mfuniko, nimelipakata mteremko wote wa Kijabe hadi tukafika Mai Mahiu.

"Si ochong'a, Mum. Hawa wanaitwa Crystal Red. Asili yao ni Japani."

"Ochong'a ya Japani, basi," akasema, akaenda kulisha kuku wake. Bei sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia.

Nilikasirika kidogo, si uongo. Usiku huo nikakaa na simu kutafuta ushahidi wa kumwonyesha kwamba amekosea, na nikakuta kwamba mwenye makosa ni mimi. Ochong'a ya Ziwa Victoria kwa jina la kitaalamu ni Caridina nilotica, jina lililoanzia kwa Mfaransa Polydore Roux aliyemwandika mwaka 1833 kutokana na uduvi wa mto Nile. Crystal Red naye ni Caridina logemanni. Jina la kwanza ndilo la ukoo. Hawa wawili ni ndugu kama mimi na binamu zangu wa Kinangop: mikono ileile yenye vinyweleo kama brashi, tabia ileile ya kukwangua utando wa mwani juu ya mawe kutwa kucha, umbo lilelile, ukubwa uleule. Mama aliona kwa jicho tupu kitu nilichohitaji bando kukijua.

Kwa hiyo swali likawa lingine. Imekuwaje ndugu mmoja auzwe peke yake kwa elfu moja mia tano, na huyu mwingine apimwe kwa gorogoro?

Ukikulia Mai Mahiu unajifunza barabara kwa pua. Hapa ndipo barabara ya Narok inapoachana na ya Naivasha, na malori mazito yanayopanda kwenda Nairobi au kushuka kwenda Nakuru, Kisumu na Uganda karibu yote hupitia kwetu. Madereva hulala hapa, mataniboi hula hapa. Lori la viazi halina kelele puani. La ng'ombe unalijua. Lakini lori lililobeba omena na ochong'a kutoka ziwani unalijua kabla halijazima injini, na ukilala upande ule upepo unakoelekea, utaliota.

Ochong'a huvuliwa pamoja na omena, usiku usio na mwezi, kwa taa zinazowavuta dagaa na wadudu wote wa maji wakusanyike kwenye mwanga. Asubuhi huanikwa ufuoni juani. Omena safi huenda sokoni kwa watu. Ochong'a, zikishakauka na kuwa na rangi ya waridi iliyopauka, hutiwa kwenye magunia na kusafirishwa kwa wasagaji wa chakula cha mifugo. Mama yangu hununua zake duka la agrovet, huchanganya na pumba ya mahindi, polladi na mashudu ya alizeti. Anasema kuku wakikosa ochong'a yai linakuwa "na uso wa huzuni". Sijui kipimo hicho kinapatikana wapi, lakini mayai yake yanauzwa.

Na ochong'a hazikuwa nyingi hivi tangu zamani. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelipua idadi yake na kula fulu karibu wawamalize. Fulu ni wale samaki wadogo wa rangirangi ambao ziwa lilikuwa na mamia ya aina zao, nyingi hazipatikani kwingine kokote duniani. Walipoondoka, uduvi wakabaki bila watu wengi wa kuwala, isitoshe wao wanavumilia maji yenye oksijeni kidogo kuliko samaki. Wakajaa. Mbuta naye alipomaliza fulu akageukia uduvi. Lile gunia la Mai Mahiu, ukilifuata nyuma, linaanzia kwenye msiba.

Sasa twende kwa ndugu tajiri.

Miaka ya 1980 wafugaji wa Japani walianza kupokea uduvi wadogo wenye mistari myeusi na myeupe kutoka vijito vya Hong Kong na kusini mwa China. Wakawaita uduvi nyuki. Walikuwa wazuri, si ghali sana. Kisha mwaka 1991 mfugaji mmoja aitwaye Hisayasu Suzuki, akiangalia kizazi cha nyuki wake weusi, akaona mmoja mwekundu. Wekundu huu ni tabia iliyojificha kwenye damu: lazima mtoto airithi kwa baba na kwa mama ndipo ionekane. Mmoja kati ya kama elfu. Suzuki akazalisha, akachagua, akatupa nje wasiofaa, akazalisha tena, miaka kadhaa, mpaka akawa na ukoo mzima usiozaa weusi tena. Mwaka 1996 akasajili jina: Crystal Red Shrimp.

Hiyo ndiyo historia nzima ya utajiri huu. Hakuna mgodi, hakuna lulu. Kuna mtu aliyekaa mbele ya kioo akitazama uduvi elfu moja, mmoja mmoja.

Baada yake likaja wimbi. Wafugaji wakaanza kuwapa uduvi madaraja kama mitihani: C, B, A, S, SS, SSS, kadiri weupe unavyotanda na kuwa mzito. Mwenye doa moja jekundu mgongoni akaitwa Hinomaru, kama bendera ya Japani. Mwenye mstari mweupe ndani ya wekundu akaitwa No Entry, kama kibao cha barabarani. Kuna Mosura, jina la nondo wa sinema za Kijapani. Taiwan nao wakatoa wao: King Kong, Panda, Blue Bolt. Ukisoma majina haya kwa sauti utadhani umesimama kwenye steji ya Rongai ukihesabu nganya.

Bei za mapya zilipotoka zilikuwa mamia ya dola kwa uduvi mmoja, na kwa wale wa nadra kabisa zaidi ya hapo. Lakini jike mmoja hubeba mayai ishirini, thelathini chini ya tumbo lake, na baada ya wiki nne hivi hutoka watoto waliokamilika, wenye rangi tayari. Aliyenunua jozi kwa bei ya ng'ombe anahitaji wanunuzi haraka, kabla majirani zake hawajazalisha. Mwaka wa kwanza ni hazina, mwaka wa tatu ni bidhaa, wa tano watu wanapeana bure. Ndipo anapohitajika uduvi mwenye jina jipya.

Hapa Kenya hatuna haja ya kuelezwa. Mnakumbuka kware? Mwaka 2013 yai la kware lilikuwa dawa ya kila kitu, watu wakichukua mikopo ya chama kununua vifaranga na kupanga foleni kutafuta leseni ya KWS. Mwaka uliofuata hukuweza hata kuwagawa. Mama alikuwa nao. Kizimba chake bado kipo nyuma ya nyumba, siku hizi analelea vifaranga vya kuku ndani yake. Nadhani alipoinama kwenye akwariamu yangu alikuwa anaona hicho kizimba.

Uduvi wangu sita walikufa wote kwa siku nne.

Mai Mahiu ni Kikuyu: maji ya moto. Maji ya bonde hili yamepitia miamba ya volkano yakabeba mengi humo, floraidi ikiwa mojawapo. Ndiyo maana watu wa huku wengi tuna meno ya rangi ya chai, na ukicheka Nairobi mtu anakuuliza, "Wewe ni wa Naivasha ama Nakuru?" Crystal Red ni mtoto wa vijito vya milimani. Anataka maji laini, yenye uchachu kidogo, ya baridi ya wastani. Mimi nilimpa maji ya kisima. Wa kwanza alilala ubavu asubuhi ya pili. Wa sita alikufa akijaribu kuvua gamba, amekwama nusu ndani, nusu nje.

Nilizalisha baadaye kwa maji ya mvua. Mama ana tangi jeusi linalokinga maji ya bati, ambayo sisi tangu utotoni tunayatumia kwa chai na kunywa, sababu ya hayohayo meno. Nikawa namwibia lita tano kwa wakati. Uduvi wakakaa. Wakabeba mayai. Lakini vile vifo sita vilinifanya nianze kuuliza juu ya maji yanayonizunguka, na swali hilo likanifikisha Ziwa Naivasha, chini ya saa moja kutoka kwetu.

Kuna jambo kuhusu Naivasha ambalo sikufundishwa shuleni, na nilisoma shule inayotazama huko. Ziwa lile, lenye hoteli na mashamba ya maua na boti za watalii, kiasili lilikuwa na aina moja tu ya samaki. Moja. Alikuwa mdogo, wa sentimita chache, mwenye jicho linalong'aa likipigwa na mwanga. Wataalamu walimwita Aplocheilichthys antinorii. Mara ya mwisho alirekodiwa mwaka 1962. Wengine wote unaowala ufuoni waliletwa au walifuata mkono wa mtu. Bass wa Marekani aliingizwa mwaka 1929 ili wazungu wapate samaki wa kuvua kwa mchezo. Tilapia waliletwa kwa awamu, miaka ya 1920 na tena miaka ya 1950. Kambare mamba, kamongo, si wa hapa. Kapu alitokea karibu na mwaka 2000, na baadaye akaja kujaza vikapu.

Bass ni samaki mla samaki. Ukimweka kwenye ziwa lenye kisamaki kimoja cha sentimita chache ambacho hakijawahi kukimbizwa na mdomo mkubwa namna ile, huhitaji digrii.

Kinachonikera ni tarehe. Miaka hiyohiyo ya 1960, vyama vya wapenzi wa killifish vilikuwa vinaanzishwa Marekani na Uingereza. Killifish ni kundi la visamaki vidogo ambamo huyu wetu wa jicho la kung'aa alikuwa ndani. Watu hao walikuwa wanasafirisha mayai ya samaki kwa posta, yamefunikwa kwenye udongo wa mboji ulio na unyevu. Visamaki vya madimbwi ya pwani yetu na vya Zanzibar, ambavyo hufa kila kiangazi na kuacha mayai yakisubiri mvua kwenye tope, vimefugwa Ulaya miongo mingi, na hadi leo wafugaji makini huandika jina la kijiji walikotolewa ili koo zisichanganyike. Mzee wa Ujerumani anaweza kuwa na ndoo chumbani kwake yenye jina la dimbwi la Kenya ambalo limeshajengwa petroli stesheni. Lakini wa Naivasha hakuwa na rangi za kushangaza. Hakuna aliyemtaka vya kutosha.

Usidhani ninasema akwariamu ni safina ya Nuhu. Ngoja.

Miaka ya 1960 hiyohiyo ziwa lilivamiwa na gugu liitwalo Salvinia, asili yake Brazili, mmea ambao duniani umesambazwa kwa kiasi kikubwa na watu wanaoupenda kwenye mabwawa ya bustani na matangi ya samaki. Ni mzuri kweli, majani yake yana vinyweleo visivyolowa. Ulitanda juu ya maji kama zulia. Halafu mwaka 1970 Idara ya Uvuvi ikaingiza kreifishi wa Louisiana, kamba mwekundu mwenye makoleo, Procambarus clarkii. Nia ilikuwa nzuri: kuongeza aina ya mapato kwenye ziwa lenye samaki wachache. Na mapato yalikuja. Katikati ya miaka ya 1970 kreifishi wa Naivasha walikuwa wanasafirishwa Ulaya kwa mamia ya tani, maana wenyeji hawakuwa na hamu ya kumla mdudu anayekutazama.

Ila kreifishi hula mimea. Yungiyungi za buluu zilizokuwa zinatanda kingo za ziwa, na mimea ya chini ya maji iliyokuwa inashikilia tope na kuficha samaki wachanga, zilipungua hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu hazikuonekana tena. Hakuwa peke yake katika uharibifu huo. Kulikuwa na panya mkubwa wa maji kutoka Amerika Kusini aliyetoroka shamba la kufugia wanyama wa manyoya, kulikuwa na maji yanayopanda na kushuka. Lakini watafiti walipofuatilia waliona mchezo wa zamu: kreifishi wakipungua, mimea inarudi, wakiongezeka, inakwisha.

Na huyo kreifishi, huku kwetu akiitwa mradi wa uvuvi, Ulaya alikuwa anauzwa dukani kama pambo la akwariamu, mwekundu, wa buluu, mweupe. Tangu mwaka 2016 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kumfuga na kumuuza. Kwenye orodha hiyohiyo yuko ndugu yake mwenye hadithi ya ajabu kuliko zote. Katikati ya miaka ya 1990 wafugaji wa Ujerumani waligundua kreifishi wenye madoadoa ya marumaru ambao wote walikuwa majike, na waliozaa bila dume. Kila mtoto ni nakala ya mama yake. Hakuna mto wowote duniani unaojulikana kuwa nyumbani kwake asilia. Alijulikana kwanza kutoka kwenye matangi ya vioo. Watu walipoelemewa na watoto wakawamwaga mitoni. Akafika Madagaska miaka ya 2000, na huko sasa yuko mashambani mwa mpunga, anauzwa kwa mafungu barabarani. Kutoka pambo la sebule hadi mboga ya kando ya barabara, bila kupitia pori popote.

Kwa hiyo jicho la mfugaji linaokoa na mkono wake unamwaga, na mara nyingine ni mtu yuleyule. Mfano unaonikosesha usingizi uko Ziwa Matano, kisiwa cha Sulawesi, Indonesia. Mwaka 2007 watu wa akwariamu walianza kumleta Ulaya uduvi mwekundu mwenye vidoa vyeupe vidogo, mzuri kiasi cha kuonekana kama kachorwa. Mwaka 2009 akapewa jina la sayansi, Caridina dennerli, kutokana na kampuni ya Kijerumani ya vifaa vya akwariamu iliyodhamini safari ya kumtafuta. Ukoo uleule: Caridina. Leo yuko kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka. Miongoni mwa wanaommaliza ni samaki aitwaye flowerhorn, ambaye si wa ziwa lolote. Alitengenezwa na wafugaji wa Malaysia miaka ya 1990 kwa kuchanganya koo, kwa ajili ya lile nundu kubwa kichwani ambalo wanunuzi wanaamini lina bahati. Akamwagwa Matano. Wakati huohuo matangini Ulaya na Asia Caridina dennerli anazaliana, maana anauzika.

Fulu nao ni hivyohivyo. Baadhi ya aina ambazo mbuta alizifagia ziliponea kwenye matangi ya maabara, ya bustani za wanyama na ya watu binafsi ng'ambo. Miaka ya 1990 bustani za Marekani zilianzisha mpango rasmi wa kuzizalisha. Fulu aliyezaliwa kizazi baada ya kizazi ndani ya kioo, kwenye baridi ya theluji, akila vidonge. Ni wa nani huyo? Nimejaribu kumwuliza rafiki yangu mmoja wa Homa Bay, akasema, "Warudishe tuwakaange." Sikuwa na jibu.

Ochong'a hana shida hizo. Yeye yuko mamilioni kwa mamilioni, hana daraja, hana No Entry mgongoni. Akiwa hai ni kama kioo, unaona utumbo wake na kilichomo. Lakini hata uduvi nyuki walikuwa wengi tu, wa mistari ya kawaida, mpaka mmoja akazaliwa mwekundu mbele ya mtu aliyekuwa anatazama.

Wiki iliyopita Mama alirudi na ochong'a mpya kutoka agrovet. Nikamwomba nimpimie mimi. Nikamwaga gorogoro moja kwenye sinia, nikalisogeza mlangoni kwenye mwanga, nikaanza kuzitenga kwa kidole. Wengi walikuwa wamevunjika, vichwa huku mikia huko. Wazima walikuwa na jicho jeusi kama ncha ya kalamu. Kulikuwa na omena wachache, gamba la konokono, kipande cha uzi wa wavu. Nilipata mmoja mwenye mstari mweusi kidogo ubavuni, nikambandika kwenye kucha kumwangalia vizuri. Lilikuwa vumbi.

"Unatafuta nini humo?" Mama akauliza.

"Natazama tu."

Akavuta kigoda akaketi upande wa pili wa sinia, akachukua mmoja kati ya vidole viwili, akamgeuza kwenye mwanga. Kuku walikuwa wameshakusanyika mlangoni.